Gunia la Mama Mkwe

Klara aliondoka Kinampanda na gunia la mashudu ya alizeti, majogoo wawili waliofungwa miguu, na neno moja alilopewa na mumewe. Gunia lilikaa kwenye buti la basi, majogoo wakakaa chini ya kiti, na lile neno likamkaa kooni toka Kiomboi hadi Singida, toka Singida hadi Ikungi, na kutoka Ikungi kwenda mbele huko ambako yeye, katika miaka yake hamsini na minane, hakuwahi kuwa na shida ya kufika.

"Usirudi bila jibu," Ezekieli alikuwa amemwambia kituoni. "Waambie shamba la barabarani lipo. Wakija kabla ya mavuno ni lao. Wasipokuja nampa mdogo wao Fredrick, na asije mtu hapa kunililia."

Jamani, Klara hakuhitaji kutumwa. Witness ni mtoto wake wa kwanza, Sara ni mjukuu wake pekee, na mwingine yuko njiani, mimba ya miezi saba. Walikuwa wanakaa Singida mjini vizuri tu, mumewe Mughwai fundi cherehani mwenye wateja wake, ukitaka kuwaona unapanda basi asubuhi na jioni umerudi kwako. Mara mwaka jana mkwe akafunga kibanda, akauza vyerehani viwili, akabaki na kimoja, akachukua kitalu cha malisho kwenye Ranchi ya Itumbiko. Fundi cherehani na ng'ombe wapi na wapi? Kinampanda nzima iliuliza hivyo, na Klara ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba ya watu wote: "Nitakwenda kuwarudisha."

Aliposhuka barabarani alimkuta mkwe wake anamsubiri na pikipiki. Mughwai alipomwona tu, aligeukia nguzo ya umeme.

"Shikamoo mama," akaiambia nguzo.

"Marahaba, baba," Klara akaliambia basi lililokuwa linaondoka. "Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Poleni na safari."

Ndivyo ilivyo. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawagusani hata nguo. Wapo siku hizi wanaokaa kochi moja wakiangalia televisheni; Klara aliwajua, na aliwasikitikia. Kwa hiyo kupanda pikipiki ya mkwe, kifua chako na mgongo wake, lilikuwa jambo lisilosemeka. Mughwai alifunga gunia kwenye kiti, akaning'iniza majogoo kwenye usukani, akaondoka kwa gia ya kwanza, taratibu kabisa, na Klara akamfuata nyuma kwa miguu, kilomita nne. Mashudu yalipanda pikipiki, mama mtu mzima akatembea. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, bati jipya, na kuizunguka nchi tambarare ya nyasi na vichaka mpaka macho yachoke. Mughwai alishahamisha blanketi lake kwenda kwenye banda la nyasi kavu, maana mama mkwe hawezi kulala chini ya dari moja na mkwe. Jioni ile wanawake walikula ndani, yeye akala nje chini ya dirisha, na mazungumzo yakapitia kwa Sara, miaka minne, aliyekaa mlangoni.

"Sara, mwambie bibi karibu sana, ajisikie yuko nyumbani."

"Bibi, karibu."

"Mwambie baba asante," Klara alisema. "Mji wenu ni mzuri."

"Baba, bibi anasema mji wetu mzuri lakini ni mbali."

"Sijasema mbali!"

"Ulimwambia mama. Ulisema ni mbali kama umetupwa."

Nje ya dirisha mkwe alikohoa kwa muda mrefu. Witness alicheka mpaka akashika tumbo, na Klara naye, pamoja na aibu yote, akacheka mpaka ukanda wa kitenge ukalegea. Ndipo alipoona hapa ndipo pa kulitoa lile neno, watu wakiwa na meno nje.

Alilitoa. Shamba la barabarani, Fredrick, kabla ya mavuno. Akaongeza ya kwake: kwamba hospitali iko karibu pale Kiomboi, kwamba mtoto atazaliwa miongoni mwa watu, kwamba huku hata kanisa hajaliona. Witness aliacha kucheka.

"Mama, kesho saa nne afisa wa ranchi anakuja kuhesabu. Huu mwaka ulikuwa wa majaribio. Akikuta ng'ombe arobaini uwanjani, tunaandikiwa kitalu miaka mitano. Akipungua hata mmoja, anapewa anayefuata kwenye orodha. Hakuna cha samahani."

"Mnao wangapi?"

"Arobaini."

"Arobaini kamili?"

"Kamili, Mama. Kwa hiyo usinipe shamba leo. Hapa ndiyo kwetu. Tumehangaika."

Klara alikusanya sahani. Lakini kabla ya kulala alipiga magoti, na Mungu anisamehe kwa kuyatoa nje maombi ya mtu, alisema hivi: "Bwana, sitaki mtu augue wala mnyama afe. Wapungue tu kidogo. Mmoja anatosha." Akasema amina, akalala usingizi mzuri.

*

Asubuhi Mughwai aliondoka mapema kwenda ofisini kuchukua fomu. Witness akamtanguliza punda kwenda kisimani na madumu. "Mama, usihangaike na chochote," aliagiza. "Kaa tu kivulini, upumzike."

Kumwambia mwanamke wa Kinampanda akae kivulini mwezi wa nne ni kumtukana bila kujua. Huo ndio mwezi uwele unatoa masuke. Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama Klara huwa shambani kuamia ndege, na ng'ombe wa watu wakiingia ni vita. Alikaa kivulini kwa muda wa kumenya karanga sita. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kutazama mji.

Akakuta shamba.

Loo, moyo ulimruka! Shamba kubwa, kijani, limezungushiwa waya, limepandwa kwa mistari iliyonyooka kama mshono wa fundi, na juu yake masuke membamba yakicheza kwenye upepo. Uwele! Mwembamba kidogo, lakini ndio ardhi ilivyo. Kumbe mkwe wake ni mkulima! Kumbe hakuacha akili zote mjini! Klara alipiga kigelegele kidogo, peke yake.

Kigelegele kilikatika katikati. Ndani ya shamba kulikuwa na ng'ombe. Si wawili, si watatu. Kundi zima, vichwa chini, wanafyeka uwele wa mwanawe kama wamealikwa harusini. Na hereni masikioni. Wa mkwe wake hawawezi kuwa; nani huwafungulia ng'ombe wake uwele wake mwenyewe?

"Hata hereni wamewavika," Klara alisema kwa hasira. "Matajiri wasio na haya!"

Kinampanda kila mtu anajua la kufanya, na Klara alilifanya kwa utaratibu wake. Kwanza unakamata mmoja. Bila ng'ombe mkononi mwenye ng'ombe atakukana mchana kweupe mbele ya mtendaji wa kijiji. Alichagua mtamba mwekundu mwenye macho ya upole, akavua kitenge cha juu, kile cha sare ya akina mama wa kanisani, akamfunga shingoni na kumvuta mpaka nyuma ya choo, akamfunga kwenye mti. "Wewe ni ushahidi," akamwambia. Kisha akachukua debe tupu na mwiko, akafungua geti la chini linalotazama porini, akaingia vitani.

Weee! Nani amewahi kumwona Klara akifukuza ng'ombe shambani? Debe lilipigwa, mwiko ukaruka, sauti ikatoka iliyozoea kuamsha ndege wa mashamba matatu. Ng'ombe wa ranchi ni watulivu, hawajawahi kufokewa maishani. Waliinua vichwa, wakatazamana, wakaamini kwamba dunia inaisha. Walitoka getini kwa mpigo mmoja, mikia juu, vumbi likasimama, wengine kushoto, wengine kulia, na Klara nyuma yao akiimba matusi ya heshima mpaka wa mwisho alipopotea vichakani.

Alirudi akihema, amejaa furaha mpaka pomoni. Sara alikuwa amesimama mlangoni na usingizi machoni.

"Bibi, ng'ombe wetu wanaenda wapi?"

"Ng'ombe wa nani?"

"Wetu. Yule aliyetangulia ni Diwani. Ananifahamu."

Klara aligeuza debe, akalikalia.

*

Witness alimkuta hapo hapo. Aliona geti wazi, akaona shamba tupu, akaona debe na mwiko.

"Mama, umefanya nini?"

"Walikuwa wanakula uwele."

"Uwele gani? Ni majani ya malisho! Tumeyapanda wenyewe kwa ajili ya ng'ombe. Baba Sara amewafungulia mapema washibe, wapendeze mbele ya afisa!"

"Mnapanda majani?" Klara aliuliza kwa sauti ndogo. Maisha yake yote alikuwa akiyang'oa.

Witness alimtazama kwa namna ambayo mama hapendi kutazamwa na mwanawe. "Jana umeniambia turudi. Nikakataa. Leo asubuhi umetufukuzia ng'ombe. Mama, sema ukweli. Umekusudia?"

"Witness! Haki ya Mungu..."

Lakini hakumaliza, kwa sababu alikumbuka magoti yake ya jana na alichoomba. Uso ulimwaka moto. Machozi yakatoka. Na katika aibu ile, yule ushahidi nyuma ya choo alimtoka kichwani kabisa.

Pikipiki ilifika saa mbili na nusu. Mughwai alielezwa yote na mkewe, huku mama mkwe amejifunika kanga mpaka kichwani. Alilitazama geti lililo wazi. Kisha akaugeukia ukuta.

"Mwambie mama asilie," akasema. "Kule kwao ng'ombe akiwa shambani anafukuzwa. Hata mimi ningefukuza."

Maneno hayo yalimuuma Klara kuliko yale ya mwanawe. Angetukanwa angejua pa kujishikia.

Kulikuwa na njia moja tu. Kiangazi kizima Diwani na wenzake walilishwa mashudu kutoka kwenye debe. Yalikwisha miezi miwili iliyopita, lakini ng'ombe hasahau harufu ile. Mmoja aendeshe pikipiki, mmoja akae nyuma akitikisa debe na kudondosha mashudu kidogo kidogo njiani. Majirani walikuwa mbali, na wao wakisubiri kuhesabiwa. Witness alijifunga kanga, akainua mguu kupanda.

"Shuka," Klara alisema.

"Mama, hakuna mwingine."

"Na tumbo hilo? Kwenye makorongo hayo? Shuka, nimesema!"

Wote wakaelewa kwa pamoja alichokuwa anasema, na wote wakatazama chini. Mughwai ndiye aliyeinuka. Alipunguza gunia likabaki nusu na kidogo, akatoa sindano kubwa mfukoni, maana fundi ni fundi hata porini, akalishonea kamba pembeni, akalisimamisha katikati ya kiti cha pikipiki na kulifunga likawa ukuta. Akapanda mbele yake. Hakugeuka.

Klara alikunja kanga, akasema "Bwana, unaona mwenyewe," akapanda nyuma ya gunia na debe mkononi.

*

Mita mia moja za mwanzo alifumba macho. Alipoyafumbua kulikuwa na shimo.

Hapo likatokea tatizo ambalo mila haikulitegemea. Sara hayupo, Witness hayupo, nguzo ya umeme haipo. Utamwambia nani?

"Gunia!" Klara alipiga kelele. "Mwambie huyo kijana kuna shimo!"

Pikipiki ilikwepa. Baada ya muda sauti ikatoka mbele: "Gunia, mwambie mama ashike vizuri, tunashuka korongo."

"Gunia, mwambie nimeshika, lakini na yeye apunguze! Mimi si mzigo wa mahindi!"

"Gunia, mwambie nikipunguza tutazama kwenye mchanga!"

"Basi gunia, mwambie akimbie!"

Wakakimbia. Klara alitikisa debe. Mara ya kwanza ng'ombe waliposikia debe walizidi kutimka, na haki yao. Lakini harufu iliwafuata. Diwani alisimama kwanza, ng'ombe mpana mwenye pembe zilizolegea, akanusa, akafikiri, akaona kwamba mtu anaweza kuwa mwendawazimu na bado akawa na mashudu mazuri. Akageuka. Nyuma yake watatu, wakawa saba, wakawa kumi na tano.

"Gunia, mwambie wanakuja!" Klara alisema. "Gunia, mwambie wanakimbia! Gunia, mwambie aongeze moto, wananilamba!"

Kwa kweli Diwani alikuwa amemfikia, ulimi nje, analamba kiwiko cha mtu na debe kwa zamu. Klara alicheka. Hakuwa amepanga kucheka siku hiyo. Upepo ulimvua kilemba, kikaenda na Mungu wake, na mbele ya gunia alisikia mkwe wake naye anacheka, mabega yanatikisika. Mwaka mzima alikuwa amemwita "yule fundi". Hakuwahi kujua kicheko chake kikoje. Walizunguka kitalu hivyo mara mbili, wakiwatoa ng'ombe vichakani, gunia likipungua na kundi likiongezeka, mpaka walipoingia uwanjani, pikipiki mbele, msururu mrefu nyuma, na Witness akafunga geti.

Saa nne kasoro dakika tano.

*

Afisa alikuwa binti mwembamba wa suruali na kofia, jina lake Jesca. "Shikamoo mama," alimwambia Klara aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope, kisha akaingia kazini. Ng'ombe walipita mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya mbao, yeye akisoma namba za hereni na kuziingiza kwenye kishikwambi.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Hesabu tena, dada," Mughwai alisema kwa upole.

Wakahesabiwa tena. Thelathini na tisa.

"Pole, kaka. Kanuni ni arobaini uwanjani. Nikiandika nisichokiona, kazi sina."

Mughwai alivua kofia. Witness hakulia. Alitazama nyumba, bati, dirisha, halafu cherehani kilichoonekana kupitia mlango wazi, kama mtu anayekadiria vitu gani vitaingia kwenye gunia na vipi vitabaki.

Na hapo Klara akamkumbuka yule aliye nyuma ya choo.

Hebu fikiria! Mmoja anatosha, ndivyo alivyoomba, na amepungua mmoja. Hakuna aliyekufa wala kuugua. Hakuna aliyejua. Angenyamaza dakika tano tu, binti afunge mashine yake na kuondoka, na kabla ya mavuno Sara angekuwa anakimbia kwenye shamba la barabarani. Klara alisubiri furaha imjie. Haikuja. Kilichomjia ni kile kicheko mbele ya gunia.

"Wa arobaini ninaye mimi!" alisema kwa nguvu mpaka Diwani akageuka.

"Unaye wapi, mama?" Jesca aliuliza.

"Nimemkamata. Yuko nyuma ya choo. Nilitaka kumpeleka kwa mtendaji."

Watu walitazamana. Witness ndiye aliyekimbia wa kwanza, na tumbo lake. Mtamba mwekundu alikuwa amesimama kwa adabu zote pale alipofungwa, na amekwisha kula nusu ya kitenge cha kanisani. Maneno ya "Umoja wa" yalikuwa tumboni na "Wanawake" yananing'inia mdomoni. Jesca alisoma hereni akiwa anafuta machozi ya kicheko. "Arobaini," aliandika. "Mama, miaka sita kazini, sijawahi kuhesabu ng'ombe aliye mahabusu."

Witness alimshika mama yake mkono, akaubana. Kisha akasema: "Nisamehe, Mama."

"Usiniombe msamaha haraka hivyo," Klara alijibu. "Hujui niliomba nini jana."

*

Siku ya tatu alipoondoka, gunia lilikuwa limesimama tena katikati ya kiti cha pikipiki, limenona. Mashudu yalikwisha, kwa hiyo Mughwai alilijaza majani ya malisho na kulishona mdomo. Witness alimbeba Sara, wakasimama wote uwanjani.

"Gunia," Mughwai alisema, macho yake kwenye usukani, "mwambie mama kwamba kwetu mtu aliyemkamata ng'ombe kwa mkono wake haondoki mikono mitupu. Yule mwekundu ni wake. Ila abaki hapa, tusije tukapungua."

Klara alimtazama mtamba aliyekuwa akila kwenye shamba la nyuma, mali yake, anatafuna taratibu majani yaliyopandwa kwa mistari. Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Ezekieli.

"Vipi, unakuja nao?"

"Siji nao. Shamba mpe Fredrick."

"Klara! Nilikwambia nini pale kituoni? Kwa nini hukuwarudisha?"

"Niwarudishe?" Klara alisema, akipanda nyuma ya gunia. "Halafu ng'ombe wangu achungwe na nani?"